Usiguse, Inapumzika

Shemeji yangu anaamini kwamba kitu kikiharibika, kimechoka. Si kwamba kimekatika waya, wala kimeziba, wala kimeliwa na kutu. Kimechoka tu. Na kilichochoka, kwa akili zake, hakihitaji makuu: unakifungua, unakikaripia kidogo, unakifunga, halafu unakifunika kitambaa kipumzike. Ukicheka anakutazama kwa huruma, kama vile wewe ndiye mwenye matatizo.

Mtaani wanamwita Injinia. Jina alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kubishana. Chanzo cha huo uinjinia nakijua vizuri, maana huyu ni mume wa mdogo wangu na hakuna lake nisilolijua. Aliwahi kufanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari. Alikuwa anafagia na kufungua mlango. Siku mojamoja alitumwa nyuma kubeba boksi, na kwa kule kubeba maboksi akajihesabia kwamba amesomea vilivyomo ndani. Duka lilipofungwa, wenzake walikwenda kutafuta kazi nyingine. Yeye aliondoka na koti la bluu lenye mfuko kifuani, bisibisi moja, na cheo.

Wala sisimulii ya kuambiwa. Injinia nilikaa naye sebuleni kwangu. Kodi iliwashinda, mdogo wangu akaja kuniomba wajishikize kwa muda tu, na mimi nilivyo mjinga wa huruma nikasema karibuni. Huo muda tu ukala mvua, ukala na kiangazi. Kochi langu la wageni likawa kitanda cha Injinia. Mdogo wangu alilala chini kwenye godoro jembamba, kwa sababu kochi haliwatoshi wawili na Injinia, jamani, ana mgongo. Mgongo unaouma kwa kubeba nini, hakuna aliyewahi kuniambia.

Sasa mwone akitengeneza. Anaanza kwa kutandika gazeti mezani, tena mezani kwangu, vyombo viwe vimeondolewa au havijaondolewa. Anavaa koti. Bisibisi anaiomba kwa kunyoosha mkono bila kugeuka, na mdogo wangu anamwekea kiganjani. Anafungua kitu, anakichungulia kwa jicho moja, anakipuliza vumbi, anasema enhe, anasema nilijua tu, anatikisa kichwa kuwasikitikia waliokiunda. Kisha anakifunga vilevile kilivyokuwa. Mara nyingine skrubu moja inabaki kwenye gazeti, naye anaitia mfukoni akisema hiyo ilikuwa ya ziada. Anafunika kitambaa, anatangaza kwamba kisiguswe, kinapumzika, anavua koti na kwenda kwenye benchi la kinyozi kupiga soga. Harudi mpaka jua limepoa.

Na kilichokuwa kinaniua ni hiki: akirudi, kile kitu kinafanya kazi. Redio iliyokuwa bubu inaimba. Pasi iliyogoma inapata moto. Bomba la jikoni lililokuwa linadondoka limeacha kudondoka. Mimi hutoka asubuhi kwenda kazini, narudi jioni nakuta kitambaa kimefunuliwa, na Injinia amesimama kando, mikono nyuma, anangoja pongezi. Mtu ambaye hata kifuniko cha sufuria hukilaza upande, vitu vinamtii vipi? Kumdharau mtu halafu redio ikamtetea ni mateso, nawaambia. Nilikuwa naingia chumbani kwangu na kufunga mlango.

Kazi yangu ni usimamizi wa ufuaji kwenye nyumba moja ya wageni. Mashuka, taulo, mapazia, yote yanapita mikononi mwangu, na funguo za stoo zinaning'inia kiunoni kwangu. Bosi wetu ni mama mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na hiyo sauti ikizidi kuwa ndogo ujue umekwisha. Ofisini kwake ana maua ya kwenye vyungu anayoyajali kuliko wageni, na alikuwa na chupa ya kijani ya kuyapulizia maji. Aliipenda kwa sababu ilitoa ukungu mwembamba. Hizi zinazouzwa siku hizi, alikuwa akisema, zinatema mate. Siku moja ile chupa ikagoma. Unabinya, inakohoa, haitoi kitu. Alikuwa ameshaishika aitupe, nami nikamwambia asitupe, kwangu ninaye injinia.

Nilisema kwa ubaya na wala sijutii. Nilitaka aumbuke mara moja mbele ya mtu asiye ndugu, ili nipate pa kuanzia nimwondoe kwenye kochi langu. Nikaipeleka ile chupa nyumbani. Kesho yake, kama ilivyo ada, gazeti likatandikwa, koti likavaliwa, chupa ikafunguliwa kifuniko, ikapulizwa, ikafunikwa. Jioni nilipoingia, mdogo wangu alinikabidhi bila kunitazama usoni. Nikabinya. Ukungu ukatoka mwembamba, ukanilowesha uso mzima.

Bosi alifurahi mpaka akayaonyesha maua yake, hakika ya Mungu, akayaambia tazameni. Halafu akanigeukia. Fundi wetu wa nyumba alikuwa amerudi kwao, na kazi ile ilikwenda na vyumba viwili vya uani, vikavu, vyenye dirisha linalotazama kamba za nguo. Akasema nimlete huyo bwana ajaribiwe. Akiweza, vyumba ni vya fundi.

Nilipofikisha habari nyumbani, Injinia alisema alikuwa anazitarajia. Siku iliyofuata mdogo wangu akaja kazini kwangu kimyakimya akaniomba avione. Alisimama katikati ya chumba cha kwanza, akapima dirisha kwa kipande cha uzi kwa ajili ya pazia, akaukunja ule uzi na kuufunga kwenye kidole. Halafu akaenda mlangoni. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Mlango wangu mwenyewe, dada," akasema.

Mtu mzima huyo, mke wa mtu, ambaye muda wote ule alikuwa anabadilisha nguo nyuma ya kabati langu la vyombo. Nikaanza kumwombea Injinia afaulu, mimi niliyekuwa nataka aumbuke, na hilo nalo nikamhesabia yeye kuwa kosa.

Siku ya kujaribiwa, bosi alimtolea beseni zima la chupa za kupulizia, zile za sabuni ya vioo wanazotumia wasafisha vyumba. Zote zilikuwa zimekufa. Akamwambia azishughulikie, atakuja alasiri kuziona. Injinia akatandika gazeti lake stoo kwangu. Wasafisha vyumba walikuja kuchungulia, naye akawapa mhadhara. Akawaambia chupa ya kupulizia ina mapafu, na nyinyi mnaibinya tu kutwa nzima bila kuuliza inajisikiaje. Wale mabinti waliinamisha vichwa kana kwamba wameua mtu. Akafungua kifuniko cha kila chupa, akapuliza, akafunga. Akazipanga kwenye rafu, akavuta taulo langu safi, lililopigwa pasi, akazifunika.

"Zisiguswe," akatangaza. "Zinapumzika. Shemeji, funga mlango."

Mimi, kwenye stoo yangu, naambiwa funga mlango. Nikafunga, nikimeza mate machungu. Yeye akaenda jikoni kwa mpishi kungojea alasiri. Jiko limepakana na ile stoo, na ukutani kati yake kuna kidirisha cha kupitishia vyombo.

Mchana mdogo wangu akafika na chakula cha mumewe kwenye bakuli lililofungwa. Hakuuliza mume yuko wapi. Aliniomba ufunguo wa stoo. Nikamuuliza wa nini. Akasema atanieleza tukiingia. Nikamwambia atanieleza palepale. Akatazama sakafu, akafungua mkoba wake, akanionyesha vilivyomo: pini, mswaki mkuukuu, na chupa ndogo ya siki.

"Dada, vitu havipumziki," akasema. "Ni mimi."

Nilikaa chini juu ya rundo la mashuka machafu. Akanieleza. Ilianza na redio. Duka lilikuwa limefungwa, mume wake kutwa anatazama ukuta, haongei, chakula anakisukuma. Redio ikagoma, akajaribu kuitengeneza, ikamshinda, akaifunika kitambaa ili asiione, akatoka. Mdogo wangu akaifungua. Waya ulikuwa umeachia, akaubana, basi. Yule bwana aliporudi akafunua, akawasha, ikaimba, naye akacheka. Hakuwa amecheka tangu kazi iishe. Akasema kumbe ilikuwa imechoka. Mdogo wangu akashindwa kumtoa katika kile kicheko. Akafikiri ni mara moja tu, halafu ikaja pasi, ikaja feni, likaja bomba, na kila mara akimwona anakwenda kwenye benchi la kinyozi kichwa juu, anajiambia atamwambia wakati mwingine.

Mnadhani nilimhurumia? Nilimpasulia. Nikamwambia siku zote nilijua ninamlisha mpuuzi mmoja, kumbe ni wawili, mmoja hajui kitu na mwingine anamsaidia asijue. Nikamwambia lile koti la bluu ni yeye anayemvalisha kila asubuhi, na hilo jina la Injinia nalo analipiga pasi yeye. Aliomba tu nimpe ufunguo kwa leo, akishaingia kwenye vile vyumba atamweleza mumewe kila kitu. Nikamwambia atamweleza siku ya mazishi. Lakini ufunguo nikautoa kiunoni, kwa sababu nilikumbuka ule uzi kwenye kidole.

Tukaingia, tukajifungia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamtazama anavyofanya kazi, na ile mikono sikuitambua, mimi niliyeiogesha ilipokuwa midogo. Alizungusha kichwa cha chupa kikatoka na mrija wake. Akautazama mrija kwenye mwanga wa dirisha. Akavilowesha vichwa vyote kwenye maji ya moto yenye siki, kwa sababu maji yetu yana chumvi, akaniambia, na yakikaukia pamoja na sabuni yanaacha ukoko mweupe. Matundu akayazibua kwa pini. Kichujio cha mwisho wa mrija akakisugua kwa mswaki. Halafu akanionyesha gololi, kigololi kidogo kuliko punje ya mtama, kimo ndani ya kila kichwa. Kikinata pale kilipo, maji hayapandi, hata ubinye mpaka vidole viote sugu. Akavitoa vyote, akaviosha, akavilaza kwenye leso yake ya mkononi.

Injinia hakuwa amefika kwenye gololi hata moja. Zilikuwa zimegandia mahali pake na ukoko wake wote, hazijawahi kuona mtu. Hata mrija mmoja haukuwa umechomolewa kwenye kichwa chake. Nikataka kucheka, na hapo ndipo tukaisikia sauti yake kwenye kidirisha.

Mpishi alikuwa anamtania. Alikuwa anamuuliza, kama yeye fundi kiasi hicho, inakuwaje nyumbani kwake kila siku kuna kitu kibovu. Injinia akashusha sauti, sauti ya mtu anayetoa siri ya ndoa.

"Ni mke wangu," akasema. "Mimi nikitengeneza, yeye anaharibu. Mwanamke mzuri, lakini mikono yake kwenye vitu, sijui nikwambieje. Nikipata kazi hapa, la kwanza ni kumwambia akae mbali na vitu vya watu."

Wakacheka wote wawili, na kijiko kikagonga sufuria.

Nilikuwa nimeshasimama niende nikampasue ule mdomo, mdogo wangu akanishika mkono bila kugeuka. Nilingoja alie. Hakulia. Akaanza kurudisha vichwa kwenye chupa. Kimoja kimoja, safi, kimekazwa, mrija umekaa sawa. Gololi hakurudisha hata moja. Alikusanya pembe za leso, akapiga fundo, akaitia kifuani. Akalitandaza taulo langu juu ya zile chupa, akalinyoosha mkunjo.

Nikamnong'oneza, na vile vyumba je? Alitazama nje dirishani kuelekea kule uani, kule kwenye kamba za nguo. Halafu akachukua mkoba wake na kusema twende, akampelekea mumewe chakula, akasimama pale mpaka akala akamaliza.

Alasiri bosi akaja. Wasafisha vyumba wakajipanga ukutani, mpishi naye akajipenyeza na aproni yake. Injinia, koti limefungwa vifungo vyote, akalishika taulo kwa vidole viwili na kulivuta taratibu, kama anafunua keki ya harusi. Akachukua chupa ya kwanza, akaelekeza kwenye kioo cha dirisha, akabinya. Kimya. Akabinya tena. Akaiweka chini akitabasamu, akachukua nyingine. Kimya. Ya tatu aliibinya kwa mikono miwili, na jasho likaanza kumtoka usoni. Mmoja wa wale mabinti akaziba mdomo kwa kiganja.

Sauti ya bosi ilikuwa imeshakuwa ndogo. "Bwana fundi," akamuuliza, "ile ya kwangu ilipumzika muda gani?"

Akasema hizi zilikuwa zimechoka zaidi. Akasema stoo ina joto. Akasema ukiangalia vizuri utaona zilihitaji kulala mpaka asubuhi. Alikuwa anatapatapa, anageuka huku na huku, na katika kugeuka akamwona mke wake amesimama mlangoni. Basi uso ukamrudia uhai. Nilimwona kwa macho yangu alivyopata nafuu, kama mtu aliyeangusha mzigo na kuona wa kumtwisha. Akamuuliza mbele ya watu wote kama amezigusa.

Mdogo wangu akaja mpaka kwenye meza. Akaitoa leso, akalifungua fundo, na zile gololi zikatulia juu ya kitambaa, zinang'aa. Hakumtazama mumewe. Alimtazama bosi.

"Mume wangu anasema yeye akitengeneza, mimi naharibu," akasema. "Leo ni kweli."

Kisha akachukua chupa moja, akazungusha kichwa, akadondosha gololi mahali pake, akairudisha, akabinya kwenye kioo. Ukungu. Akaiweka, akachukua ya pili. Mpishi, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata usingizini, alinyamaza. Mdogo wangu akaenda nazo hivyohivyo, bila haraka, mpaka dirisha zima likawa linatiririka maji, na mkono wake haukukosea hata mara moja. Injinia alikuwa ameshika lile taulo langu kifuani na kuliminya.

Bosi akauliza, na ile ya kwangu? Mdogo wangu akamwambia ilikuwa imeziba tundu, mama, na mrija wake ulikuwa umejikunja ndani. Bosi akatikisa kichwa taratibu. Akanigeukia mimi na kusema, kwa ile sauti yake ndogo, nimpe fundi ufunguo wa vyumba. Nikauchomoa kiunoni, nikaunyoosha, na mkono wa Injinia, kwa mazoea tu, ukajitokeza kuupokea. Nikaupitisha chini ya pua yake nikaukabidhi kunakostahili.

Mdogo wangu alihamia peke yake. Godoro, sufuria zake, redio, na pazia alilolishona kwa kipimo cha ule uzi. Injinia alimfuata mpaka kwenye ule mlango mpya amevaa koti, akabisha hodi, akasema kulikuwa na kutoelewana. Mdogo wangu alimsikiliza akiwa ndani mpaka akamaliza, halafu nikasikia komeo linapita.

Kwa hiyo nadhani mmeshaelewa alikorudi. Yuko kwangu. Yuko kwenye kochi langu, amejifunika blanketi mpaka kichwani, koti limetundikwa kwenye kiti changu, haendi hata kwa kinyozi. Nikifagia anainua miguu. Juzi maji yalinifika shingoni, nikaenda uani kwa mdogo wangu, nikamkuta ameketi mlangoni pake na taa ya mezani mapajani, anaunga waya. Nikamwambia vizuri tu kwamba mzigo wake uko sebuleni kwangu, aje aubebe au mimi nautoa nje.

Akapuliza vumbi kwenye ile taa, akaichungulia.

"Usimguse, dada," akasema. "Anapumzika. Akimaliza tutamjaribu."